Tausi na Ushanga wa Raundi ya Nane

Saa mbili asubuhi, Tausi amepiga magoti mbele ya kochi la mteja, misumari midogo saba imebanwa kati ya midomo yake. Anachomoa mmoja, anaukita pembeni mwa kitambaa, anaugonga mara moja tu kwa nyundo, kisha anachomoa mwingine. Shati lake ni la waridi, kola imesimama, na viatu vyake vyeupe amevivika mifuko ya plastiki visije vikapata vumbi la sponji.

Misumari hiyo ndiyo nafasi pekee waliyo nayo wenzake. Ikiwa mdomoni hawezi kusema, na wao ndipo wanapomsema.

"Hivi huyu alikuwa mgumu au alikuwa mkimbiaji?" anauliza Refa, mwamuzi mstaafu wa ngumi, ambaye kila asubuhi huja kukalia makochi yaliyokwisha kutengenezwa. Anadai anayajaribu springi.

"Alikuwa mapambo," anajibu Kifaru, mwenye bucha ya jirani na mpinzani wa zamani wa Tausi ulingoni. "Nilikuwa nasimama ulingoni robo saa nzima, mwenzangu anavuliwa joho. Jasho linanikauka, nalipasha upya."

Tausi ananguruma kupitia misumari. Hakuna anayemjali.

Joho lenyewe lilikuwa jekundu, lenye shanga elfu mbili alizotunga mkewe. Ukiwaamini waliokuwepo, siku likiingia ukumbini ilibidi nusu ya taa zizimwe, na mbu walikuwa wakijigonga kifuani mwa Tausi badala ya kwenye balbu.

Mwenye joho alipigana mapambano thelathini na nane kwa miaka kumi na minne. Pua ilivunjika mara tatu. Alianguka mara moja tu, raundi ya nane, mbele ya Kifaru. Alihesabiwa hadi nne, akainuka, akamaliza pambano.

Hiyo mara moja ndiyo imemnyima ukuta.

Katika klabu ya ngumi, mtaa wa pili, mabondia wa zamani huandika ukutani kwa rangi majina ya wale waliowaona wagumu kuliko wote. Yapo tisa. Sharti ni moja: kila mpinzani aliye hai aseme ndiyo. Wapinzani saba wa Tausi wako hai, na sita walishasema. Jumamosi hii mchoraji anapaka ukuta upya, na klabu imeamua kwamba baada ya hapo haliongezwi jina.

"Mimi simnyimi," anasema Kifaru. "Aseme tu kwamba nilimpiga. Basi."

Tausi hajawahi kusema hivyo. Kwa miaka ishirini na tisa amewaeleza majirani, wateja na hata daktari aliyemng'oa jino kwamba alikanyaga ushanga uliodondoka kwenye joho, akateleza.

Kifaru anageukia nyuma ya karakana, ambako mke wa Tausi anashona foronya za mito ya makochi. "Shemeji, hebu leo nikuulize. Zile shanga ulizitungia uzi gani?"

Cherehani inanyamaza.

"Uzi wa kushonea viatu. Kila baada ya shanga tano, fundo. Asubuhi baada ya pambano nililitandaza joho kitandani nikazihesabu zote. Elfu mbili kamili."

"Na hukumwambia?"

"Hakuniuliza. Alikuwa anasimulia."

Refa anacheka hadi springi zinalia. Mama huyo hacheki.

"Nyinyi kwenu ni mzaha," anasema. "Mimi kuna bibi harusi alinipora gauni mikononi akalipeleka kwa fundi mwingine. Aliniambia kazi yangu inajulikana inavyodondoka."

Nyundo ya Tausi inabaki hewani. Anaiweka chini, kisha anatoa misumari mdomoni, mmoja mmoja, hadi yote minne iliyobaki iko kiganjani.

"Ilikuwa ngumi," anasema. "Ya kushoto. Sikuiona ikija. Niliona sakafu, halafu nikaona viatu vya Refa."

"Rudia," anasema Kifaru. "Refa sikio la upande huo limekufa."

"Nimesikia," anasema Refa.

"Mtu wa majoho akianguka, watu humcheka mara mbili," Tausi anaendelea, macho yakiwa kwa mkewe. "Nikaona afadhali walicheke joho. Sikukumbuka kwamba joho lina mwenyewe. Nisamehe, mke wangu."

Kifaru anajikuna shingo. "Basi na mimi niseme. Kidole changu kilivunjikia kwenye kichwa chake siku ile. Akainuka, akanitandika raundi mbili zilizobaki kama mtu anayekung'uta mkeka. Refa, waambie waandike."

Refa anatafuta kalamu mifukoni, haipati, anaapa kwamba atakumbuka.

Sasa Tausi ana mpango. Jumamosi anataka kuingia klabuni akiwa na joho jipya, la rangi ya samawati, lenye shanga mia tatu tu kwa sababu mabega yamechoka.

"Utazitunga mwenyewe," mkewe amemwambia. "Mimi nitakagua mafundo."

Kufikia saa sita mchana ametunga arobaini na moja, akifumua na kurudia pale mkewe anapotikisa kichwa. Kifaru naye ameahidi kuwahi klabuni siku hiyo na kufagia sakafu kwa mkono wake, Tausi asije akapata kisingizio kingine.