Msumeno na Nafasi ya Mwenyeji

Dobi wa mtaa wetu aliitwa Msumeno, maana hakupiga pasi shati hata moja bila kukukumbusha kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Alikuwa pia katibu wa klabu ya tenisi. Ndiye aliyepigania, mpaka sauti ikamkauka, kwamba ile nafasi ya upendeleo ya mchezaji wa nyumbani kwenye mashindano makubwa isitolewe kwa kujuana. Apewe aliye juu kwenye orodha ya viwango, basi. Kura zikapigwa, hoja ikapita.

Mwaka huu, aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha alikuwa na mguu uliofungwa plasta. Wa pili alikuwa binti wa Msumeno mwenyewe, mzima kama kigongo.

"Katibu, tufanyeje?" wanakamati wakamuuliza.

"Kanuni imesema wa kwanza. Haikuuliza habari za miguu."

Basi yule wa kwanza akaingia uwanjani kwa magongo, akampa mpinzani mkono, akajitoa. Akapigiwa makofi.

Jioni Msumeno alirudi nyumbani ana njaa. Mkewe akapakua: nyama yote akaiweka kwenye sahani ya mtoto wao wa kwanza, ambaye miaka sasa anafanya kazi ng'ambo. Sahani ya Msumeno ikapata mchuzi.

"Mama watoto, huyo si hayupo?"

"Baba watoto, kanuni imesema wa kwanza. Haikuuliza habari za kuwepo."

Binti akamsogezea baba yake chumvi.