Lakini Niliyoiacha Hewani

Siku hizi nikiona mtu wa ukoo wa kina Naserian akishuka pale steji ya Kitengela, mimi huinama nikajifanya nafunga kamba za viatu, na viatu vyangu vyenyewe havina kamba. Chekeni tu, nimeshazoea. Aibu niliyoipata kule Kajiado ni ya kuzeeka nayo, na mbaya zaidi ni kwamba aliyeilipia si mimi.

Mwangi ni mtoto wa dada yangu, na dada yangu ni mjane, kwa hiyo Mwangi alipotaka kumwoa Naserian, mimi mjomba ndiye niliyechaguliwa kuwa msemaji wa upande wetu. Kilichonipa cheo hicho ni duka langu la dawa za mifugo: wateja wangu wengi ni Wamaasai, nawasalimia kwa Kimaa kila siku, basi watu wetu wakaamini nakijua (nakijua mpaka pale ng'ombe anapoumwa, zaidi ya hapo natabasamu tu). Tukiwa njiani nikawafundisha wazee na kina mama wetu waliotoka Kiambu. Nikawaambia, "Hawa wakiomba, mnaitikia Naai. Ni kama amina. Itikieni kwa nguvu, wajue tuko na heshima." Wakafanya mazoezi garini hadi nikajivuna.

Tulipokelewa vizuri sana. Baba yake Naserian akatuketisha sebuleni, akauliza, "Haya, tuambieni hiyo kijana yenu ni mtu wa aina gani." Nikasimama, nikasema Mwangi ana kazi, hanywi, anamtunza mama yake, hajawahi kupigana hata shuleni, na nikaona mzee anaitikia kwa kichwa. Hapo ndipo ningekaa chini. Ila kwetu mtu akisifu wake mno anaonekana anaringa, nami nikaona niweke unyenyekevu kidogo, nimalizie kwa kusema hatukuja kujisifu, tumekuja kuomba. Nikavuta pumzi, nikasema, "Lakini..."

Mlango ukafunguliwa, chai ikaingia.

Ilibebwa na dada mkubwa wa Naserian, na nyuma yake akaja shangazi yao, ambaye ni mchungaji wa kanisa na alikuwa amesimama pale mlangoni akinisikiliza. Katika nyumba ile chakula kikiingia, hata uwe katikati ya neno unanyamaza, kwanza waombe. Shangazi akatusimamisha, tukafumba macho, akaomba kwa Kimaa, polepole, sentensi moja moja vile wazee wao hubariki, na kila akitua watu wetu wanaitikia "Naai!" kuwashinda wenyeji. Sikujua anaomba nini. Nilisikia tu sauti za wenyeji zikishuka, zikashuka, mpaka zikabaki zetu, na za kina mama wa Kiambu zikiwa juu kabisa. Baadaye Naserian ndiye aliyemfafanulia Mwangi: shangazi alikuwa anaomba kwamba kama kuna jambo limefichwa nyuma ya hiyo lakini, lifunuliwe, na kama kijana huyu ataleta machozi katika boma hili, basi habari hii ivunjike leo. Na sisi Naai. Naai kwa moyo wote.

Tukakaa. Hakuna aliyegusa kikombe. Mzee akaniambia, "Malizia, baba. Ulisema lakini."

"Lakini hatukuja kujisifu, mzee. Tumekuja kuomba."

Akaniangalia. "Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

"Umetaja mazuri yote, ukafika kwa lakini, halafu iko hiyo tu?"

Ukweli ni kwamba ilikuwa hiyo tu, na ningeishikilia hata kama wangekesha wakinikodolea macho. Badala yake nikaingiwa na woga. Nikaona hawataniamini mpaka niwape kitu, kasoro ndogo, ya kawaida, tuicheke pamoja tunywe chai twende zetu. Nikachekacheka peke yangu, nikasema, "Lakini ako na hasira kidogo, si mnajua vijana."

Kati ya kasoro zote duniani! Ningesema anakoroma. Ningesema hajui kukama ng'ombe. Mwangi huyo namjua tangu ananyonya na sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Dada yake Naserian, aliyekuwa anamimina chai, akaweka themosi chini taratibu, na ndipo nikaona kwamba mkono wake wa kushoto haunyooki kwenye kiwiko. Akatoka. Kumbe alikuwa amerudi nyumbani na watoto, ametoka kwa mume ambaye, siku ya posa, waliambiwa ana hasira kidogo.

Mzee hakugombana na mtu. Alisema, "Kunyweni chai, mmetoka mbali. Hiyo mambo ingine tutawaita." Hawajatuita mpaka leo.

Jioni ile Naserian alimpigia Mwangi simu akamuuliza mbona hakumwambia, na Mwangi, kwa uchungu wa kukana kitu ambacho hana, akapiga kelele, mara yake ya kwanza, huku baba mtu ameketi kando ya binti yake anasikia kila kitu. Basi yakaishia hapo. Dada yangu hanisemeshi. Mwangi alipita dukani siku moja, macho yamemwingia ndani, nikaanza, "Nisamehe mwanangu, lakini mimi nilikuwa..." Akainua mkono. Akasema kwa upole, na huo upole ndio ulionichoma, "Anko, ulikuwa umeshamaliza. Ungekaa tu."

Nimeapa sitasimama tena kumsemea mtu, si harusini, si matangani, hata kwenye mkutano wa maji nanyoosha mkono tu kupiga kura. Na nikimtaja mtu kwa wema, nataja wema, nafunga mdomo. Jumapili iliyopita mama mmoja wa kanisani, ambaye ana binti wa kuolewa, alinivuta kando akaniuliza Mwangi ni kijana wa namna gani. Nikamwambia ni kijana mzuri sana. Nikanyamaza.

Yule mama akaningoja, akaningoja, kisha akanisogelea na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Lakini?"