Mafiga ya Zilpa

"Mama Opio, siku hizi hupiki?" Roselida, jirani yake, alimuuliza Zilpa. "Tangu juzi sioni moshi kwako. Ama mnakula kwa siri?"

Zilpa alicheka tu, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Roselida alichungulia jikoni kwake, kisha akaenda moja kwa moja kwa Nasimiyu, mama mkwe wa Zilpa, aliyekuwa ndiyo kwanza amerudi kutoka Butula alikokuwa akimwuguza dadake. Akamwambia mafiga hayapo.

Huku kwetu Busia bibi arusi hajiwekei mafiga. Mama mkwe ndiye humpangia yale mawe matatu, na mke akiyang'oa, basi ameliaga boma. Tena Zilpa alikuwa mjane. Mumewe, Wesonga, alifariki mwaka wa 1977, na haya yalitokea mwaka uliofuata.

Nasimiyu alikuja na fimbo, akikohoa, akasimama mlangoni. Uji alioandaliwa hakuugusa. Mahali pa mafiga aliona jiko la udongo wa kichuguu, lenye matundu mawili ya vyungu na mdomo mmoja wa kuni.

"Nani amekufundisha haya?"

"Akina mama wa kanisa, kule Amagoro. Kuni za siku moja sasa zinanifikisha siku ya tatu, mama."

"Kuni! Udongo wa kaburi la mwanangu haujakauka, wewe unaniambia kuni. Sema tu, ni nani anakungoja huko Amagoro?"

Machozi yalimlenga Zilpa. Alichukua panga, akakwangua ubavu wa jiko. Jiwe likaonekana, lile lenye ufa alilolipanga Nasimiyu mwenyewe. Akakwangua upande wa pili, jingine likatokea. Nasimiyu aliinama akayapapasa.

"La tatu?"

"Liko nyuma, mama. Nikilifikia, jiko lote litaanguka."

"Bomoa."

Zilpa alibomoa. Kazi ya siku nne ikalala chini, na katikati ya mabonge mawe yote matatu yakabaki pale pale yalipowekwa siku ya arusi yake.

Nasimiyu akavuta kigoda, akaketi. "Na mbona hukuniambia?"

"Nilitaka urudi ukute hakuna moshi, kwa ajili ya kifua chako. Nilikosa, mama."

Mama mkwe alimtazama kama mtu anayeonja chumvi. Ndipo Zilpa akapiga magoti, akasema:

"Kesho nitakanda udongo mwingine. Naomba uje unipangie mawe wewe mwenyewe, halafu mimi niyajengee jiko ukitazama."