Kikohozi cha Kuwaita Sokwe

Kule nyumbani Vulamba walinitania kwamba mimi ni mwalimu wa sokwe, na hawakukosea sana. Hoteli niliyofanyia kazi ilikuwa msituni, ukishapita kijiji cha Mabalako: vyumba vya mbao, mabafu ya maji moto, na wageni waliotoka mbali ili wakae saa moja tu wakiwatazama sokwe. Kazi yangu ilikuwa kuwafanya sokwe hao wazoee watu. Kwa miaka niliwafuata kila asubuhi nikiwa na sare ileile ya kaki, nikikohoa kidogo mara mbili ili wajue ni mimi, nikitafuna majani kama wao, bila kuwakazia macho. Mwishowe jike mmoja mzee, mwenye sikio lililochanika, akawa anamnyonyesha mwanawe hatua chache tu kutoka nilipokaa. Nilijiona mtu mkubwa kweli.

Vita vilipofika Beni, mji wa karibu, wageni waliondoka, na mwenye hoteli akavuka mpaka, akaniachia funguo. Mimi na mke wangu, aliyekuwa mpishi wa pale, tukahamia chumba cha wageni, tukalalia magodoro ambayo zamani tulikuwa tukiyatandika tu. Starehe hiyo sikuifaidi. Wiki ya pili askari walimpiga risasi dume mmoja kando ya njia, wakamla. Nilipaona mahali penyewe. Damu na maganda ya matunda vilionyesha kwamba hakuwa amekimbia hata hatua moja. Alikuwa amekaa chini ya mti, anakula matunda yake.

Nilirudi nikiwatukana askari. Mke wangu alinisikiliza hadi mwisho, huku akimenya ndizi zake, ndipo akasema:

"Baba, ni weye ulibazoesha batu. Donc, basi, ni weye utabafunza kuogopa."

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu yalikuwa kweli: ni mimi niliyewazoesha watu. Kesho yake nilivaa ile sare, nikachukua sinia mbili za kahawa za wageni, nikaenda. Nilikohoa mara mbili. Sokwe walipotulia, nikagonganisha sinia na kuwarushia mawe. Yule jike mzee hakuelewa, alinitazama tu. Jiwe la tatu lilimpata begani. Nililia njia nzima ya kurudi, na asubuhi iliyofuata nikaenda tena. Mvua ikinyesha nilikwenda, homa ikinishika nilikwenda.

Miezi ikapita. Siku moja askari wanne walikuja hotelini. Mkubwa wao alikuwa amesikia kwamba yuko mtu anayekohoa na sokwe wanakuja, akaniamuru niwapeleke. Ningefanya nini? Tulipofika chini ya miti ambamo sokwe walikuwa wakila matunda, nilikohoa mara mbili, taratibu, kama zamani, huku nikimwomba Mungu kwamba yule jike mzee asiwe amenisamehe.

Jike mwenye sikio lililochanika alipiga ukelele mmoja, matawi yakatikisika, wote wakatokomea. Askari hawakuwahi hata kuinua bunduki.

"Hawa banaogopa batu," mkubwa wao akasema kwa hasira.

"Ndiyo, mukubwa," nikajibu. "Banaogopa sana."

Vita vilipotulia, mwenye hoteli alirudi, akapaka vyumba rangi, akaniomba nianze upya kuwazoesha sokwe, kwani wageni walikuwa njiani. Nilimwambia hapana. Alibembeleza siku mbili, nami nikasema hapana siku mbili. Siku ya tatu nilimkabidhi funguo pamoja na ile sare ya kaki, imefuliwa na kupigwa pasi, tukarudi Vulamba mimi na mke wangu.