Mlima Usiokwenda Shuleni

Wajukuu wangu wameshanizoea. Runinga ikianza kumwonyesha mtu asiye na mikono anakata vitunguu kwa miguu, na ule muziki wa kuliza ukaanza kupanda, wananiangalia mimi kabla ya kumwangalia yeye. Mtangazaji atajifuta machozi. Atasema, "Kama huyu anaweza, wewe mzima unashindwa nini?" Hapo nitaomba wabadilishe, waweke hata mpira. Mjukuu mmoja aliwahi kuniuliza, "Kwani bibi, hakutii moyo?" Nikamjibu kwamba moyo ninao wa kutosha, ninachotaka ni watu wa benki waweke mteremko pembeni ya zile ngazi zao. Wakacheka. Sikuwa natania.

Sijawahi kuwaeleza vizuri kwa nini nakasirika. Mimi niliwahi kuwa yule mtu. Runinga wakati huo, miaka ya hamsini, huku kwetu hakuna aliyeiota hata ndotoni. Kulikuwa na gari la sinema la serikali. Lilizunguka Nyanda za Juu zote, likatandaza shuka jeupe uwanjani jioni, na kuwaonyesha watu namna ya kuchimba choo na kupanda kahawa kwa mistari.

Nilizaliwa kwenye milima ya Kilolo. Nikiwa mdogo nilipata homa, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yangu. Nikawa natambaa, viganjani na magotini nimefunga vipande vya tairi alivyonikatia baba. Nyumbani na uani nilikwenda popote nilipotaka. Mbali nilibebwa, na halikuwa jambo la kuongelewa. Kila asubuhi wanawake wa kwetu walishuka bondeni, masika kwenye mahindi, kiangazi kwenye vinyungu, yaani bustani za kando ya mto. Shule ya madarasa ya chini ilikuwa huko huko bondeni. Basi walinibeba kwa zamu. Mama alianza, akichoka alinihamishia mgongoni kwa jirani, jirani kwa mama mdogo, khanga ikafunguliwa na kufungwa bila mtu kukatisha mazungumzo. Hakuna aliyeshukuru wala aliyengoja kushukuriwa. Nilikwenda shule kama majembe yao yalivyokwenda shamba.

Nikafaulu darasa la nne. Shule ya kati ya wasichana ilikuwa ya misheni, mbali ng'ambo ya mto, na huko wanawake wa kwetu hawakuwa na shamba. Ilikuwa na bweni, lakini vitanda vilikuwa vichache na wasichana wengi. Mwalimu wangu wa bondeni aliniombea kitanda kwa mwalimu mkuu, mama wa Kizungu, naye akasema atafikiria. Bila kitanda, shule yangu ingeishia hapo. Nilitaka kuwa mwalimu. Nilitaka hadi nikawa nawafundisha kuku hesabu, na yule asiyesikiliza namchapa kwa maneno.

Tukiwa tunangoja jibu, ndipo watu wa sinema walipokuja kutafuta picha za kupiga. Mmoja alikuwa Mzungu mwenye mashine ya miguu mitatu. Wa pili alikuwa mkalimani wake, Mwislamu wa mjini Iringa ambaye wazee wake walitoka pwani, mtu mpole, Kiswahili chake kimenyooka hata mama zetu wakaona haya kufungua mdomo mbele yake. Walikuwa wamesikia habari za mtoto kilema anayesoma. Wakasema wanataka kuionyesha nchi nzima jinsi ninavyokwenda shule.

Kijiji kilifurahi. Kwetu picha ilikuwa kitu cha harusi au cha mtu aliyekwenda mgodini akarudi na koti, na mtu hakupigwa picha akiwa na matope. Siku hiyo wanawake wote waliozoea kunibeba walikuja wamejipaka mafuta, wamevaa nguo za kanisani. Mama alinivika gauni langu jeupe la Krismasi. Walijipanga njiani kwa zamu zao, kila mmoja pale alipozoea kunipokelea.

Mzungu alitazama, akasema neno na mkalimani wake. Mkalimani akamwendea mama.

"Kamwene, mama," alisema, kwa salamu ya kwetu. "Tunaomba mtuwie radhi. Bwana anaomba mtoto abadilishwe nguo, avae ile ya kushindia. Na ninyi akina mama mngesogea kidogo nyuma ya miti ile, msionekane."

"Aonekane ombaomba?" mama akauliza. "Na sisi tusogee, nani atambeba? Huyu haendagi peke yake. Sisi ndo tunabebaga."

"Naelewa, mama. Ni kwa ajili ya picha tu."

Mgeni hakatazwi. Mama alinivua gauni jeupe akalikunja, akanivika la shamba. Wale wanawake wakaenda kusimama nyuma ya miti na mafuta yao usoni.

Halafu walikataa njia. Njia ya shule ilifuata bonde, tambarare, ina kivuli, na Mzungu aliona haina kitu. Akauchagua mlima nyuma ya kwetu, ule wa mawe, na akataka niupande kwa kutambaa. Mlima ule hauendi shuleni. Unakwenda malishoni kwa mbuzi, na huko juu hata mbuzi hawakai sana kwa ajili ya baridi. Mkalimani alijua hivyo, maana watu walimwambia. Alinichuchumalia akasema, "Jikaze kidogo, binti. Utaona taabu leo tu."

Nikapanda. Wingu likapita, wakaniteremsha, nikapanda tena. Tairi la goti moja likakatika, nami nikadhani watasimamisha, lakini Mzungu alisogeza mashine karibu zaidi na lile goti. Nyuma ya miti mama mdogo alikuwa ananishangilia. Nilipofika juu nilikuwa nalia, na machozi hayo pia waliyachukua. Siku iliyofuata walinipeleka shule yangu ya bondeni kwa gari lao, wakanipiga picha nikiingia mlangoni.

Miezi ikapita, gari la sinema likaja uwanja wa misheni. Watu walitoka hata vilima vya mbali. Kwanza walionyesha choo. Kisha nikaja mimi, mkubwa kama nyumba, natambaa juu ya mawe, na kipaza sauti kikavuma: "Mtazameni msichana huyu! Miguu yake haina nguvu, lakini ana nia. Kila siku huupanda mlima huu peke yake akitafuta elimu. Penye nia pana njia!"

Watu wa kijijini kwetu waliangua kicheko. "Anaenda kuchunga mbuzi!" mtu akapaza sauti. Mimi pia nilicheka. Lakini mlima uliisha, mlango wa shule ukatokea, na mama mdogo aliyekuwa amenipakata akaanza kuuliza, "Sisi tutakuja saa ngapi?" Akauliza tena picha ilipogeuka kuwa ya kahawa. Alikuwa amekuja na dada zake kutoka vijiji vya jirani waje wamwone.

Upande wa pili wa uwanja, ambako hakuna aliyeujua mlima wetu, watu walikuwa wanalia. Mwalimu mkuu wa shule ya kati alikuwa miongoni mwao. Tulipokwenda kwake kuulizia kitanda alinishika mikono yote miwili.

"Mwanangu, umetufundisha sisi sote," alisema. "Kile kitanda tumempa msichana dhaifu zaidi. Wewe hukihitaji. Mtu anayepanda mlima ule kila siku hawezi kushindwa na njia ya kuja hapa."

"Mama, ile ya sinema si kweli," mama yangu alisema. "Huyu tunabebaga mgongoni."

Yule mama wa Kizungu alitabasamu kwa huruma, tena huruma ya kweli, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. "Usimrudishe nyuma mtoto wako, mama. Tumemwona wenyewe kwa macho yetu."

Mama alijaribu. Alinibeba peke yake hadi ng'ambo, akarudi kulima jua limeshapanda, akanifuata tena alasiri. Mvua zilipokolea alianguka nami mtoni, akaumia kiuno. Mahindi yakazidiwa na majani. Mimi ndiye niliyesema basi. Nilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, nikaenda nyuma ya ghala nikalia hadi nikatapika. Sinema ile haikuuonyesha mwisho huo. Iliendelea kuzunguka, mimi nikiwa nyumbani napukuchua mahindi, na kote ilikopita niliendelea kufika shuleni.

Baadaye dada yake mama aliyeolewa Mbeya alinichukua. Nikajifunza kushona kwa cherehani ya mkono, kwa kuwa ile ya kukanyaga ilinikataa. Mwenye duka mmoja, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani, alinipa nafasi kwenye baraza lake, na hakuwahi kuniambia nina moyo wa ajabu. Alinigombeza pindo likipinda, kama alivyowagombeza mafundi wengine. Nilimpenda kwa hilo.

Hapo barazani ndipo mwanamke mmoja kutoka Rujewa alinikuta. Alikuwa amekuja mjini kutafuta kitambaa cha sare ya shule. Nilishuka kwenye kiti kwenda kuchukua kipimo, nikatambaa na tairi zangu, akapiga ukelele.

"Ni wewe! Wewe wa sinema! Wewe wa mlima!" Akanishika mkono hauachii. "Ilikuja kwetu kwenye mpunga. Nilikuona, dada yangu, nikasema Mungu amenijibu. Mwanangu, njoo umwone!"

Barazani akaingia mtoto wa kike akitambaa. Alikuwa na miguu kama yangu. Magotini hakuwa na tairi, alikuwa na matambara, na matambara yameshikana na vidonda.

"Anakwenda shule mwenyewe," mama yake alisema, na furaha yake ilikuwa safi, hakuwa mwanamke mkatili. "Mjomba wake alitaka kumpeleka kwa baiskeli, nikamkatalia. Bibi yake alitaka kumbeba, nikagombana naye. Nikawaambia yule wa sinema nani alimbeba? Mwache azoee."

Nilihisi hasira ikinipanda hadi masikioni.

"Mimi nilibebwa," nilisema.

"Unajishusha tu."

"Nilibebwa kila siku. Mama yangu, jirani zake, mama yangu mdogo. Watu wa sinema waliwaficha nyuma ya miti. Mlima ule ni wa mbuzi. Na shule sikumaliza, kwa sababu walioniona kwenye sinema walidhani sihitaji kitu."

Alinitazama, akatazama miguu yangu, akaitazama cherehani. Uso wake ulibadilika polepole, nikajua ananichukia.

"Kwa hiyo ulinidanganya," alisema.

"Sikumdanganya mtu! Nilikuwa mtoto. Niliambiwa tambaa, nikatambaa."

Kitambaa cha sare alikiacha mezani. Alifungua khanga yake ya begani, akachuchumaa, akamvuta yule mtoto mgongoni akamfunga kwa nguvu, kisha akasimama. Mtoto hakujua ashike wapi. Aliiacha mikono yake inaning'inia, akanitazama mimi kwa woga, kana kwamba amefanya kosa.