Meza Aliyokataa Kuishusha Lachlan

Lachlan aliinua meza ya chakula upande mmoja, bata mzinga mzima akiwa juu yake, halafu akakataa kuishusha.

Nilikuwepo. Niliona kwa macho haya mawili, mdomo umejaa pai ya boga.

Ilikuwa sikukuu ya Shukrani, ya kushukuru mavuno, katika nyumba yetu ya kurekebisha vijana huku New Brunswick. Mimi nililetwa baada ya shule yangu ya bweni kuishiwa na ucheshi kwa mizaha yangu. Lachlan aliletwa kwa kuvunja vitu. Ila alikuwa ametulia muda mrefu, na kesho yake alikuwa anarudi kwa mama yake.

Fujo moja tu, safari inafutwa.

Ndiyo maana meza ile ilitutisha.

Kwetu kuna utaratibu. Mtu akilipuka, hashikwi. Wengine wote wanabeba sahani zao na kutoka kimya, maana fujo ikikosa watazamaji inakufa njaa. Kisha mlezi anaketi chini na kuongea kama anayebembeleza kichanga.

Vijana wakatoka. Mimi nikabaki, kwa sababu za kiroho zilizohusu pai.

Bwana Fenwick, mlezi mpya, akakimbilia jengo la pili kuita msaada. Bi Ouellette, mlezi mkuu, akaketi sakafuni.

"Lachlan, mwanangu, naona una hasira."

"Sina hasira, Bi. Ila siwezi kuishusha hii."

"Huna haja ya kujieleza sasa. Pumua kwanza."

"Bi, huku chini kuna..."

"Pumua, mwanangu. Una machaguo mawili. Uishushe mwenyewe, au nikusaidie kuishusha."

"Yote mabaya," Lachlan akanong'ona.

Jasho lilikuwa linamtiririka. Bata mzinga akaanza kuteleza.

Nikamsogelea. "Oya, kaka. Kesho unaenda kwenu. Acha ujinga."

"Funua kitambaa," akasema meno yamebana. "Taratibu, mpuuzi wewe."

Nikainua pindo la kitambaa cha meza.

Kicheche.

Mweusi, mstari mweupe mgongoni, kichwa kimenasa kwenye kopo la mtindi. Lachlan alikuwa ameinua meza ili kumnasua, na sasa mguu wa meza ulikuwa unaning'inia juu kidogo ya mkia wa mnyama. Ukishuka, atatunyunyizia uvundo wake, na tumekwisha.

Hapo elimu yangu yote ya bweni ilinitoka. Nikapiga yowe.

Mkia ukasimama wima.

Lachlan hakutikisika. "Naona umeogopa," akaniambia kwa sauti ileile ya Bi Ouellette. "Una machaguo mawili, ndugu yangu. Nenda polepole ukafungue mlango wa nyuma, au endelea kulia tunuke wote mpaka Krismasi."

Nikachagua mlango.

Bi Ouellette alikuwa bado sakafuni, na sasa naye ameona. Rangi imemtoka. Akanyoosha mkono, akalivuta kopo kwa vidole viwili. Kicheche akatingisha kichwa, akatutazama, akaondoka zake kama mgeni aliyeshiba.

Alipofika mlangoni tu, Bwana Fenwick akaingia mbio na wanaume wawili. "Mshikeni," akasema, akimnyooshea Lachlan kidole.

Kicheche naye alikuwa na machaguo mawili.

Nguo za Bwana Fenwick zilizikwa nyuma ya banda.

Jioni Bi Ouellette akatuita ofisini, mimi na Lachlan. Uso wake mzito.

"Leo kumetokea fujo," akasema. "Na aliyeifanya hawezi kwenda kwao wiki hii."

Lachlan akainamisha kichwa.

"Bi," nikasema, "huyu hajafanya kosa lolote."

"Najua," akajibu. "Aliyepiga yowe ni wewe."

Lachlan alicheka mpaka akakaa chini. Asubuhi mama yake akaja kumchukua. Mimi nikabaki nasugua sakafu kwa siki.

Lakini utaratibu wetu umeongezewa hatua, na ndiyo ya kwanza. Kabla hujamtuliza mtu, muulize kuna nini. Kisha nyamaza, umwache amalize sentensi.