Sauti ya Kamera Kwenye Ndoa ya Dada

Jumamosi, katikati ya mwezi wa tano. Manyunyu tangu alfajiri. Si mvua ya kumzuia mtu kwenda shamba, lakini muhogo niliokuwa nimeuanika imebidi uingie ndani, na njia ya kwetu hapa Masaki ya Kisarawe imekuwa tope tupu.

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hainitoki. Nimekaa nayo tangu ujana, na nilidhani nitaondoka nayo hivyohivyo. Leo Tatu amekuja kuniuliza habari za kamera, ikabidi niitoe. Naiandika hapa kwa ajili yako wewe unayesoma, ambaye labda nawe una chombo mkononi na unafikiria kukibadilisha. Mimi nimeishia darasa la saba, na kamera nilizozijua ni za mkanda. Kwa hiyo usibebe kila neno langu kama lilivyo. Pima.

Tatu ni mpwa wangu, mtoto wa dada yangu Mwanaidi na mumewe Shabani, wanaoishi Janga. Yeye mwenyewe amepanga Kibaha, kazi yake ni kupiga picha za harusi. Amefika na kamera mbili begani. Moja ni yake, ile ya kioo wanayoiita DSLR. Nyingine ameazima, mirrorless, ambayo ndani haina kile kioo kinachoruka unapobonyeza. Rafiki yake ndiye anayeiuza, na anataka jibu kesho. Tatu akikubali, kamera yake ya zamani na lenzi zake zote zinakwenda humohumo kwenye biashara, harudi nyuma tena. Na Jumamosi ijayo ana ndoa ya kupiga, Kisarawe mjini.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Mbona umebeba mizigo kama unahama?"

"Nahama kweli, mjomba. Sijui tu nihamie wapi."

Akanikalisha kwenye kiti, akapiga na ile yake. Kacha! Kuku wakanyanyua vichwa. Akainua ya pili. Nikakaza shingo, nikatulia, nikasubiri.

"Piga basi, shingo inaniuma!"

"Nimeshapiga, mjomba. Nyingi tu."

Alicheka mpaka akakaa chini. Mimi macho yalibaki kwenye ile kamera isiyo na sauti.

Akanieleza vizuri, na bila upendeleo. Hiyo isiyo na kioo ni nyepesi, inamfuata mtu macho hata akicheza ngoma, na picha unaiona itakavyokuwa kabla hujabonyeza. Ubaya wake, betri inakwisha haraka, vumbi likiingia wakati wa kubadilisha lenzi linakaa mahali pabaya, na ukiipiga kimyakimya chini ya baadhi ya taa picha inatoka na mistari. Ya zamani ni nzito, lakini anaijua gizani. "Ila kinachonizuia hasa, mjomba, si hayo. Ni ile picha ya baba. Ile uliyopiga anavyosema *nimekubali*. Ilipigwa na kamera ya kioo, si ndiyo? Mimi nimeanza kazi hii kwa ajili ya picha ile."

Picha hiyo iko ukutani kwao Janga. Ameilalia na kuiamkia tangu utoto.

Nilitoka nje nikampigia simu Shabani, maana jambo lenyewe ni lake kabla halijawa langu. Nikamwambia mwanao ameuliza, nimweleze ukweli au nimwache na picha yake? Halafu akasema, "Mwa-mwambie wewe. Mi-mimi nikianza kumweleza, hiyo ndoa ya Jumamosi itapita." Akacheka mwenyewe. Ndivyo alivyo shemeji yangu. Kisha akaongeza kwamba jambo hilo nimelikuza mimi. Naandika na hilo, maana huenda ni kweli.

Nikarudi ndani nikamweleza Tatu, na ndiyo haya.

Nilianza kazi na kamera ndogo ya mkanda, na ndani haikuwa na kioo cha kuruka. Ndiyo, mwanangu, hata wakati huo zilikuwepo. Ukibonyeza ilitoa kisauti kama mtu anayefumbua midomo, basi. Kwa sababu hiyo niliingia kila mahali, kwenye dua, kwenye maulidi, hata chumbani kwa mzazi siku ya arobaini. Watu walinisahau, na mtu akikusahau ndipo sura yake inapotulia. Lakini wapiga picha wenzangu wa pale Mailimoja walikuwa na makamera makubwa ya kioo, na kila wakiniona ilikuwa, "Kaja huyo na kiberiti chake! Leo utatuwashia jiko gani?" Nilicheka nao. Si haki kuwalaumu, ulikuwa utani wa kazini, na wakiishiwa mkanda waliniazima na mimi nikiishiwa niliwaazima. Mimi ndiye niliyeubeba utani ule nikaenda nao nyumbani kulala nao.

Nikatafuta kamera ya kioo. Ikapatikana Dar, mkono wa pili, wiki ileile ya ndoa ya dada. Nikaijaribu stendi, nikamaliza mkanda mzima kwa kupiga mabasi, wapiga debe na akina mama wauza mihogo. Picha zikatoka safi. Sauti yake sikuisikia. Pale stendi, honi na makelele yale, ungesikia nini?

Sasa Shabani. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji, na kigugumizi anacho tangu utoto. Mahari hayakumtisha. Kilichomtisha ni lile neno la kukubali mbele za watu. Tulikuwa tukisafisha chini ya mikorosho ya baba, naye analirudia: "Nimekubali kumwoa Mwanaidi binti Omari kwa mahari tuliyokubaliana." Aligundua kwamba akivuta pumzi na kulisukuma lote kwa mkupuo mmoja, linatoka kama la mtu mwingine yeyote. Akikatizwa katikati, amekwisha. Akaniambia, "U-usinicheke tu. Nikianza, niache nifike." Nikamwambia utafika.

Na dada naye alilijua jambo hilo. Alimwomba somo yake, yule mama aliyemfunda, wakae karibu na pazia la mlango siku hiyo, ili asikie mwenyewe.

Ndoa ilifungwa barazani kwetu, hapahapa Masaki. Kamera ndogo ilikuwa chumbani, imetundikwa msumarini, ina mkanda ndani. Nikaipita. Nikachukua kubwa, kwa sababu miongoni mwa wageni walikuwepo wenzangu wawili wa Mailimoja.

Sheikh akasoma khutba. Baba akamshika Shabani mkono, akatamka maneno yake ya kumwozesha. Pakawa kimya, hata watoto wamezibwa midomo. Shabani akavuta pumzi. Nilimwona kwenye kioo, kidevu kimeinuka, macho yamemkazia baba, uso umefunguka wote. Nikajua picha ndiyo hii.

"Nime..."

Kacha! Na vidole vyangu, kwa ulimbukeni wa chombo kipya, vikavuta mkanda palepale. Krrr.

Shabani akageuka akaniangalia. Hakunikasirikia. Aliniangalia kama mtu aliyeangusha kitu na hajui kimeangukia wapi.

"Bwana harusi kapigwa risasi!" mtani wetu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, na baraza zima likaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Muulizeni kama bado anamtaka!" Watani wana haki yao kwenye harusi, siwalaumu hao pia. Sheikh akanyanyua mkono. "Kimya! Taratibu, bwana harusi. Hatuna haraka."

"Ni-ni-ni..."

Jasho likamshuka mpaka kwenye kola ya kanzu. Baba hakuuachia mkono wake. Akajaribu tena, na tena, na kila akijaribu neno lilikuwa linaanzia mbali zaidi. Mwishowe baba yake mdogo, Mzee Rajabu, akamwinamia akamnong'oneza. Sheikh akamuuliza kama anamfanya mzee huyo wakili wake. Shabani akaweza kusema "ndiyo." Mzee Rajabu akashika mkono, akakubali kwa niaba yake, kwa sauti yake nzito ya kikohozi.

Ndoa ilikuwa halali, hakuna aliyesema vinginevyo. Lakini somo alinisimulia baadaye kwamba nyuma ya pazia dada aliuliza, "Huyo nani?"

Watu walipokwisha kula, sheikh akaniita pembeni. Nilijiandaa kwa matusi, hakunitukana.

"Kijana, chombo hicho umekijua lini?"

"Wiki hii, sheikh."

"Sauti yake uliisikia wapi, palipotulia?"

"Niliijaribu stendi, sheikh."

"Basi umewaletea watu mgeni barazani, na wewe mwenyewe hujui akicheka anachekaje. Kupiga picha si kosa. Ungemjua kwanza nyumbani kwako, ndipo umlete kwa watu." Akanipiga bega taratibu, akaenda kuvaa viatu vyake.

Nimeshagombezwa kwa ukali kuliko hivyo na nikasahau.

Picha ilitoka nzuri kuliko zote nilizopiga maishani, na hilo nalo ni haki kulisema. Nilitaka kuichoma. Shabani akaiomba mwenyewe, akaitundika. Mdomo umefunguka, uso unang'aa, na wageni husimama mbele yake wakasema, "Tazama anavyokubali huyo!" Naye hutabasamu, huwakaribisha chai. Tangu siku ile hasemi mbele za watu. Binti yake mkubwa alipoolewa, yeye baba mzazi alitakiwa kutamka maneno ya kumwozesha, akamwachia sheikh. Wababa wengi humwachia sheikh, na labda angefanya hivyo hata kama mimi nisingezaliwa. Nasema labda. Sitaki kujipunguzia ubaya wangu, wala sitaki kujipa usio wangu.

Kamera ile niliitumia miaka mingi. Imenilisha, imeezeka nyumba hii. Siwezi kusema ilikuwa kamera mbaya.

Nilipofika hapo Tatu alikuwa ameitoa simu, anaitazama ile picha ya ukutani, maana hutembea nayo.

"Kwa hiyo hapa hajasema."

"Hajasema."

"Na mama je?"

"Alimsikia babu yako Rajabu."

Akaigeuza simu kifudifudi mapajani. Niliona nimemnyang'anya kitu, na sikuwa na kingine cha kumpa badala yake. Nilianza hata kujuta kumwambia. Halafu akampigia rafiki yake hapohapo mbele yangu. "Jibu la kesho sina. Hii kamera sijaijua bado, na siwezi kujifunzia kwenye ndoa ya watu. Ukipata mteja mwingine, muuzie, sitakununia."

Nikamuuliza, na Jumamosi? Akasema atakwenda na ya zamani, na ikifika neno lenyewe ataishusha mpaka bwana harusi amalize.

"Wenye shughuli wakiidai picha hiyo?"

"Nitawaambia mapema. Wasipotaka, watafute mwingine."

Sijui kama nimemsaidia. Huenda nimemkosesha kamera nzuri, huenda na wateja pia. Ameinuka na uso wa mtu mzima kuliko alivyoingia, na hilo halikunifurahisha kama ningetarajia.

Mwanangu, ushauri wangu wote ni huu, na ni mfupi kuliko hadithi. Sikwambii ubadilishe, wala sikwambii ubaki. Kwanza jiulize kamera uliyonayo imekushinda wapi. Ukipata jibu, yaani kuna kazi unaitaka na yenyewe haiwezi, badilisha bila kuona haya, hata wazee wakinung'unika. Lakini ukikuta kilichokusukuma ni vicheko vya wenzako, ngoja kwanza vicheko vipite. Na ukishabadilisha, kaa na chombo kipya mahali palipo kimya kama pale utakapokitumia. Kipige nyumbani, kipigie watoto wamelala, kijue kinavyolia na kinavyonyamaza, maana hata kisicho na sauti kina lawama yake. Mtu asiyesikia kitu hajui kama amepigwa picha, kwa hiyo wewe kwa mdomo wako umwambie, umwombe. Na liko jambo ambalo mtu hulisema mara moja tu maishani. Ukiwa huna hakika na ulichoshika, mwache alimalize. Picha ikikosekana, watu watanung'unika mwaka mmoja. Neno likikatika halirudi, hata mwenyewe akikusamehe.

Mungu akupe jicho lenye subira na mkono mtulivu. Akupe wateja waungwana. Akujaalie uingie kwenye nyumba za watu na utoke humo wakiwa bado wana kila walichokuwa nacho. Amina.

Jioni tumekula ugali wa muhogo, kisamvu cha nazi, na kambale wa Ruvu aliyeletwa na Tatu. Mke wangu kamzidishia mchuzi mara mbili.